Kwa Nini Hafungui?

Watoto wa darasa la kwanza hawajui kunyamaza. Ukiwaambia wanyamaze watajibana kidogo, mpaka mmoja apige chafya, na hapo kila kitu kinaanza upya. Kurasa alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale shuleni, maana yeye ndiye aliyekuwa mkutubi, na watoto wenyewe ndio waliompa jina hilo la Kurasa. Kila alipowagawia vitabu aliwaambia, "Kurasa, jamani, kurasa! Zifungueni taratibu," mpaka hata walimu wenzake wakasahau jina lake la kuzaliwa.

Ndiyo maana siku ile ukimya wao ulimshtua.

Walikuwa wamejazana kwenye mkeka mbele yake, magoti yakigusana. Ilikuwa wiki ya kuchagua vitabu vipya vya picha kwa ajili ya maktaba za shule zote za mji. Kamati ilishapokea rundo la vitabu, na kabla ya kikao cha Jumatatu kila mkutubi alitakiwa kuwasomea watoto wake aone wanacheka wapi, wanachoka wapi, na kipi wanaomba kirudiwe. Asubuhi ile walishamaliza kile cha mbuzi aliyekula nguo kwenye kamba, wakacheka mpaka mmoja wao ikabidi akimbizwe chooni. Kile cha jino lililong'oka walitaka kisomwe tena na tena, nusu yao wenyewe wakiwa na mapengo.

Kisha Kurasa akachukua kile alichokibakiza mwisho kwa makusudi, kama mtu anavyobakiza kipande cha nyama pembeni mwa sahani. Kilikuwa na jalada la buluu, kikiitwa *Mtoto Msikivu*. Maneno aliandika Mama Mkuu, mwalimu mkuu mstaafu aliyeheshimiwa mji mzima. Picha alichora mwanawe, ambaye kila mtu alimwita Penseli kwa sababu hakuwahi kuonekana bila penseli nyuma ya sikio. Na Penseli ndiye mwanamume aliyemvisha Kurasa pete.

Alikuwa hajakifungua bado. Alitaka akione kwa mara ya kwanza pamoja na watoto. Alitaka waipende mikono ya mchumba wake kama alivyoipenda yeye.

"Palikuwa na mtoto asiyesikia," alianza kusoma. "Akiitwa, haitiki. Akitumwa, haendi."

Akafunua. Mama wa kwenye kitabu alimshika mtoto mkono, akamwingiza katika chumba kidogo, akafunga mlango. Mtoto akabaki humo kufikiri. Ukurasa huo ulikuwa karibu wote mweusi. Palikuwa na mstari mmoja tu wa mwanga chini ya mlango, na katikati ya mwanga huo vivuli viwili. Miguu. Mtu alikuwa amesimama nje, kimya. Mtoto alichorwa kwa nyuma, hata shavu halikuonekana, lakini mabega yake yalikuwa yamepanda kukaribia masikio.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyepiga chafya.

Binti mmoja mwenye mapengo, yule ambaye siku zote alikaa mbele kabisa, akanyoosha kidole kwenye picha.

"Dada Kurasa, hiyo miguu ni ya nani?"

"Ya mama yake."

"Yuko hapo hapo?"

"Ndiyo, yuko hapo."

Mtoto akakunja uso. "Sasa kwa nini hafungui?"

Kurasa akafunua ukurasa wa mwisho haraka. Humo mtoto alikuwa amekaa mezani, mgongo umenyooka kama rula, viganja vyote viwili juu ya magoti, anatabasamu. *Tangu siku hiyo akawa mtoto msikivu, na mama yake akampenda.*

"Tusome cha mbuzi," sauti moja ilisema huko nyuma, na wote wakadakia: "Cha mbuzi! Cha mbuzi!"

* * *

Penseli alikuja kumchukua baada ya masomo, kama kawaida yake. Mwanamume yule alikuwa hagongi mlango wa maktaba. Alikuwa akiegemea fremu yake na kumtazama tu, mpaka Kurasa mwenyewe ahisi anatazamwa. Hivyo ndivyo walivyoanza. Mwaka uliopita alialikwa kuja kuwachorea watoto ubaoni, na badala ya tembo waliyemwomba akamchora mkutubi akiwa amelala juu ya rafu ya vitabu. Watoto walipiga kelele kwa furaha. Kurasa alijifanya amekasirika, na jioni yake alishindwa kula.

"Una sura ya mtu aliyedhulumiwa," Penseli alisema sasa, akiingia. "Nani kachana kitabu?"

"Nimewasomea chenu."

Penseli akatabasamu, lakini tabasamu lile halikufika machoni. Akaichomoa penseli sikioni, akaanza kuizungusha vidoleni.

"Wamesemaje?"

"Wameomba cha mbuzi."

"Hata mimi ningeomba cha mbuzi."

"Mpenzi." Kurasa alikifungua kile kitabu pale kwenye ukurasa mweusi, akakiweka mezani kati yao. "Hii picha umeitoa wapi?"

"Mama aliniambia nichore chumba, nikachora chumba."

"Nimeona picha zako zote. Unachora vitu vinavyocheka. Hata kiatu ukikichora kinacheka. Hiki hukukichora kwa kubuni."

Penseli hakuitazama picha. Kurasa aliliona hilo: macho yake yalipita dirishani, kwenye rafu, kwenye mkono wa Kurasa, lakini ule ukurasa aliuruka kama mtu anavyoruka shimo analolijua barabarani.

"Jumamosi tunakula kwa Mama," alisema. "Ametutayarishia upande wetu wa nyumba. Anataka ukaone." Kisha akamshika mkono, akaubusu juu ya pete, na sauti yake ikashuka. "Usimuulize habari za picha, tafadhali. Nifanyie hilo tu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nakupenda, na nataka Jumamosi ipite."

Akakifunga kile kitabu yeye mwenyewe, bila kukitazama.

* * *

Shangazi wa Kurasa, aliyemlea tangu mama yake afariki, hakutaka kusikia.

"Subiri nielewe," alisema Jumamosi asubuhi, akimfunga zipu ya gauni kwa nguvu mpaka Kurasa akaguna. "Mwanamume hanywi. Anapika. Anakutazama kama mtu aliyeokota dhahabu njiani. Mama yake amenikaribisha kiti cha mbele kanisani watu wote wakiona. Halafu wewe unaniletea habari ya kitabu cha picha?"

"Shangazi, watoto waliogopa."

"Watoto wanaogopa hata mtu akivaa kofia! Wewe mwenyewe ulikuwa ukiogopa ndevu za marehemu mjomba wako."

"Kuna kitu kwenye ile nyumba."

Shangazi akamgeuza, akamshika mabega. Macho yake yalilainika kidogo. "Mwanangu, kila nyumba ina kitu. Ukitafuta nyumba isiyo na kitu utazeekea hapa na mimi, tugombanie rimoti. Nenda, kula, sema asante. Na kitabu kikipita, kipite. Mama mkwe ukimkosea kabla hujaolewa, hutamlipa maisha yako yote."

* * *

Nyumba ya Mama Mkuu ilikuwa safi mpaka mtu unaogopa kukanyaga. Mapazia yalikuwa yamepigwa pasi. Saa ya ukutani ilisikika kutoka barazani. Mwenyewe aliwapokea mlangoni, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti laini kiasi kwamba watu walilazimika kuinama kumsikiliza.

"Karibu, mwanangu. Vua tu viatu hapo. Viweke sambamba."

Kurasa aliviweka sambamba.

Chakula kilikuwa kizuri, na maongezi yalikwenda vizuri vilevile. Mama Mkuu aliuliza habari za shangazi, habari za shule, habari za afya. Penseli hakusema neno ambalo hakuulizwa. Kule mjini alikuwa mcheshi wa kuvunja mbavu. Hapa alikuwa mtu mwingine. Kurasa alimtupia jicho amchokoze, akakuta mchumba wake amekaa mgongo umenyooka, viganja vyote viwili juu ya magoti, akisubiri mama yake achukue kijiko kwanza.

"Sasa njoo nikuonyeshe," Mama Mkuu alisema walipomaliza. "Baba, wewe toa vyombo."

Alimwita hivyo, Baba, kama akina mama wengi wanavyowaita wana wao wa kiume kwa mapenzi. Lakini lilitoka kinywani mwake kama filimbi, na Penseli alikuwa ameshasimama kabla halijamalizika.

Upande wao ulikuwa na chumba cha kulala, sebule ndogo, na mwisho wa korido mlango uliopakwa rangi mpya ya krimu.

"Na hiki ni cha wajukuu," Mama Mkuu alisema. "Nyinyi mtakuwa kazini. Watashinda na mimi."

Kilikuwa chumba kidogo. Dirisha lilikuwa juu sana, jembamba, la kupitisha hewa tu. Kitanda cha mtoto kilishatandikwa. Kurasa alitaka kusema kitu cha shukrani, na akiwa anatafuta maneno, mkono wake ulishika ukingo wa mlango, ukagusa chuma. Akatazama. Lilikuwa komeo kubwa, la zamani, lililopakwa mafuta karibuni.

"Mama," alisema polepole, "hili komeo liko nje."

"Ndiyo."

"Kwa ndani hakuna."

"Mtoto atafanya nini na komeo la ndani?" Mama Mkuu alicheka kidogo, kwa upole. "Anafungwa mtu asiyejua bado kukaa peke yake na mawazo yake. Saa moja, saa mbili. Akikaidi sana, mpaka kesho yake. Akitoka, ametulia. Umekisoma kitabu changu."

"Nimekisoma."

"Basi unajua." Akausukuma mlango ndani, akainama, akagusa sehemu ya chini ya ubao, kwa upande wa ndani. Chini ya rangi mpya mikwaruzo ilikuwa inaonekana bado, mingi, ya kina: ndege, jua, mbwa, mtu mwenye mikono mirefu, vimechongwa kwa kitu chenye ncha katika kimo cha mtoto aliyekaa sakafuni. "Tazama. Alianza na msumari, gizani, kwa kupapasa. Kipaji chake chote kilitokea humu. Kama si chumba hiki, asingekuwa mchoraji. Ningemdekeza, angekuwa nani leo?"

Alisema kwa fahari ya kweli, fahari ya mama. Hilo ndilo lililomtisha Kurasa kuliko komeo lenyewe. Mwanamke yule hakuwa anaficha chochote.

Kurasa aligeuka. Penseli alikuwa amesimama mwanzo wa korido, sahani mkononi. Hakuwa amevuka. Kulikuwa na vigae vingi vitupu kati yake na ule mlango, na ilionekana wazi kwamba miaka mingi ilikuwa imepita tangu avikanyage.

"Mpenzi," Kurasa alisema. "Bisibisi iko wapi?"

"Bisibisi ya nini?" Mama Mkuu akauliza.

"Namuuliza yeye, Mama. Samahani." Hakumwondolea Penseli macho. "Nitakaa nyumba hii. Nitaosha, nitapika, nitakuheshimu kama mama yangu mzazi. Ila hili komeo litoke leo. Litoe, mpenzi. Litoe nikiwa hapa naona."

Penseli akaiweka sahani chini, pale pale sakafuni. Akaingia stoo, akatoka na bisibisi. Akaja koridoni hatua kwa hatua, jasho limemtoka kwenye paji la uso kama mtu anayepanda mlima. Akafika. Akapiga goti mbele ya mlango, akaingiza bisibisi kwenye skrubu ya kwanza, akazungusha. Skrubu ikalia, ikasogea kidogo.

"Baba," Mama Mkuu alisema.

Hakupaza sauti. Hakuongeza neno. Mkono wa Penseli ukasimama hewani. Bisibisi ikaanguka, ikabingirika mpaka kwenye miguu ya mama yake. Mama Mkuu akaiokota, akaifuta kwa leso yake.

"Jumatatu ni kikao chenu," alimwambia Kurasa, kwa upole ule ule. "Kitabu kile ni cha mwanangu kama kilivyo changu. Kikipita, watoto wa mji mzima watafaidika, nami nitawatangazia tarehe ya harusi. Wewe ukikisemea vibaya, nitajua hukumtaka mwanangu, ulitaka kumwondoa kwangu. Pete nitaitaka."

* * *

Penseli alimfuata mpaka getini. Jua lilikuwa kali, barabara tupu. Alijaribu kumshika mkono, Kurasa akauchomoa, kisha akaurudisha mwenyewe, maana alikuwa akimpenda na mkono ule haukuwa na kosa.

"Si kwamba sikutaka," Penseli alisema. "Kichwa kilitaka. Mkono ndio ulikataa."

"Nimeona."

"Tutapanga kwingine. Nipe muda. Nitazungumza naye polepole."

"Umekuwa ukizungumza naye polepole tangu lini?"

Penseli akageuka kutazama barazani.

"Nikizaa na wewe," Kurasa alisema, machozi yakimlenga, "mtoto wetu akaingizwa mle..."

"Mimi sitamfunga! Haki ya Mungu, Kurasa, mimi siwezi kumfungia hata paka!"

"Najua hutafunga. Hilo silo linaloninyima usingizi. Nakuuliza, utafungua?"

Penseli alimtazama. Alikuwa na macho mazuri yule mwanamume, makubwa, yenye kope ndefu kama za mtoto, na wakati ule yalikuwa yamejaa mpaka ukingoni. Midomo yake ilianza kutengeneza neno. Kurasa alilingoja neno lile kwa mwili wake wote.

"Baba!" sauti iliita kutoka barazani. "Njoo umalizie vyombo."

Neno likafa. Penseli akauachia mkono wake, kidole baada ya kidole, akageuka, akarudi ndani. Kurasa alibaki ameshika chuma cha geti mpaka kilipomuunguza kiganja.

* * *

Jumatatu kamati ilikaa katika chumba cha mikutano kilichonuka vumbi la chaki, vitabu vimepangwa mezani. Cha mbuzi kilipita bila ubishi. Cha jino vilevile. Mwenyekiti, mzee mwenye miwani iliyokaa juu ya paji la uso muda wote, alikiinua kile cha buluu kwa mikono miwili.

"Hiki sidhani tunahitaji kukijadili," alisema. "Mama Mkuu amenifundisha mimi mwenyewe kusoma. Kina maadili. Tukipitishe tu."

"Mimi sikubali," Kurasa alisema.

Viti vilikwaruza. Mwenyekiti akaishusha miwani ili amwone vizuri. "Wewe? Si ndiyo familia yako hii, au mimi nimepitwa na habari?"

Watu wakacheka. Kurasa hakucheka. Kupitia dirishani aliliona gari la Mama Mkuu limeegeshwa chini ya kivuli cha ukuta, vichwa viwili ndani, kimoja mbele kwenye usukani, kingine nyuma. Wamekuja. Wanangoja.

"Una sababu?" mwenyekiti aliuliza.

Sababu alikuwa nayo. Angeweza kuwaambia habari za komeo, habari za mikwaruzo ya msumari, na kitabu kisingesimama hata dakika. Lakini ile haikuwa siri yake. Mwenyewe alikuwa amekaa pale nje kwenye usukani, na kama ingefaa kutolewa mbele ya watu, ilikuwa ni yake kuitoa.

"Niliwasomea watoto," alisema, "nao wakaniuliza swali. Mama yuko nje ya mlango, miguu yake inaonekana. Kwa nini hafungui? Nimetafuta jibu la kumpa mtoto wa miaka sita, sijalipata. Mwenzangu yeyote mwenye jibu anipe, nami nitanyoosha mkono wa kwanza kukipitisha."

Mkutubi mmoja mzee, mwanamke aliyekuwa hasemi mikutanoni, alikivuta kile kitabu, akafunua mpaka kwenye ukurasa mweusi. Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akampitishia jirani yake, jirani akampitishia wa pili. Kilizunguka meza nzima, na kiliporudi kwa mwenyekiti hakuna aliyenyoosha mkono.

Mwenyekiti alikiweka pembeni, kifudifudi. "Tuendelee na kingine," alisema, bila kumtazama mtu.

* * *

Kikao kilipovunjika mwenyekiti alitoka wa kwanza. Kurasa alimwona akiinama kwenye dirisha la nyuma la gari, akitikisa kichwa, akifungua mikono kama anayeomba radhi. Kisha mlango wa mbele ukafunguka, Penseli akashuka, akaja kumkuta kwenye ngazi. Hakuwa na penseli sikioni.

"Amenituma pete," alisema, akitazama chini.

"Najua."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia kitabu hakifai. La kwako sikuligusa."

Penseli akainua uso kwa ghafla, na Kurasa akaona kwamba mwanamume yule alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Akamnyooshea mkono, Kurasa akampa wake. Joto la mchana lilikuwa limevimbisha vidole. Penseli akaizungusha pete taratibu, kwa ustadi wa mtu anayejua kushika vitu vidogo, ikafika kwenye kiungo, ikagoma. Akairudisha. Akajaribu tena, taratibu zaidi. Walikuwa wamesogeleana mpaka Kurasa alisikia pumzi yake.

Honi ikalia.

"Isitoke," Penseli alinong'ona, akiwa bado anaivuta. "Mungu wangu, isitoke."

"Basi iache."

"Siwezi."

Honi ikalia tena, ndefu. "Nenda kamwambie haitoki," Kurasa alisema. "Usiongeze neno. Mwambie hivyo tu."

Hakuhitaji kwenda. Mlango wa nyuma ulikuwa umeshafunguka. Mama Mkuu alishuka, akazifikia ngazi kwa mwendo wake wa polepole, na mkononi alikuwa na kitambaa chenye maji, ndani yake kipande cha sabuni. Alikuwa amekuja nacho kutoka nyumbani.

"Nilijua itagoma," alisema kwa upole. "Lete mkono, mwanangu."

Alimpaka Kurasa sabuni kama mama anavyomwogesha mtoto, pande zote, mpaka kwenye shina la kidole. Vidole vyake vilikuwa baridi. Pete ikateleza, ikatoka. Akaifuta, akaikunja kwenye leso, akaitia kwenye mkoba, na mkoba akaufunga. Kurasa alibaki na povu mkononi, likikauka juani.

"Mungu akupe wa kukufaa," Mama Mkuu alimwambia, na huenda alimaanisha. "Twende, Baba."

Penseli akamfungulia mama yake mlango wa nyuma, akamsubiri aketi, akaufunga bila kishindo. Akazunguka mbele. Akafungua mlango wa dereva, akainama, akaweka ufunguo juu ya kiti. Kisha, badala ya kuingia, akaufunga mlango ule nao, na kusimama kando ya gari akiitazama mikono yake kama kwamba ameiazima.

Akaanza kutembea.

Hakuja upande wa Kurasa. Hakuelekea upande wa nyumbani kwao. Alishika barabara ya tatu, ile inayoshuka, bila begi, bila kofia.

"Baba!" Mama Mkuu aliita kupitia dirishani. Penseli akajikunja mabega, yakapanda karibu na masikio, lakini miguu haikusimama. "Baba! Gari nani ataendesha? Mimi sijui kuendesha!" Sasa sauti yake ilikuwa imepanda, na Kurasa hakuwahi kuisikia ikipanda. Mwanamke yule alijinyoosha kati ya viti akaibonyeza honi, akaishikilia. Watu walitoka kwenye maduka kutazama.

Kila kitu ndani ya Kurasa kilitaka kukimbia. Alikuwa ameshashuka ngazi moja. Lakini akamtazama yule mwanamume mgongoni, akaelewa kwamba akimwita, angegeuka. Angegeuka kwa sababu ameitwa, kama alivyogeuka maisha yake yote. Akashika nguzo ya ngazi kwa mkono wake wenye povu, akanyamaza.

Honi ikakatika. "Anakwenda wapi?" Mama Mkuu aliuliza, akimwangalia Kurasa kwa macho ya mtu aliyepotelewa. "Wewe unajua. Anakwenda wapi?"

"Sijui, Mama," Kurasa alisema, na ilikuwa kweli. "Nadhani hata yeye hajui."

Kule chini Penseli alifika njia panda. Akasimama ukingoni, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akangoja lori lipite. Kisha akavuka.